Saa nane usiku, mtoto begani, simu mkononi

"Jamani wapendwa, mwanangu anaharisha sana, nifanyeje?"

Ujumbe huu, au ndugu yake wa tumbo moja, ni wa kawaida kwenye magrupu ya wazazi hapa Dar es Salaam. Umeandikwa saa nane usiku kwa kidole gumba kimoja, mkono wa pili umembeba mtoto. Dakika kumi hazijaisha, majibu yamejaa. Wa kwanza anasema ni meno hayo. Wa pili anasema ni chango, yupo bibi Manzese anachemsha dawa. Wa tatu anataja vidonge vilivyomponya wa kwake mwaka juzi. Wa nne ameweka mikono ya kuomba. Wa tano ametuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu ambao mama hawezi kuusikiliza kwa sababu mtoto analia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto ana umri gani.

Siwalaumu waliojibu. Kuamka usiku wa manane kumjibu mtu usiyewahi kumwona uso ni upendo wa kweli, na wazazi wa mji huu wanapeana upendo huo kila siku bila malipo. Ila swali halikuwapa cha kushika, kwa hiyo kila mmoja alimjibu mtoto wake mwenyewe, yule aliyewahi kuugua nyumbani kwake. Msaada wa mtandaoni hutegemea sana mkono ulioandika ombi. Hilo linafundishika, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu.

Ujumbe uleule ungeweza kuandikwa hivi:

"Mtoto miezi 9, kilo 8 na nusu kwa kadi ya kliniki. Anaharisha tangu saa moja jioni, mara sita, majimaji, hakuna damu. Katapika mara mbili. Ananyonya. Kakojoa saa nne. Nimempa ORS tu, hakuna dawa nyingine. Niko Gongo la Mboto, gari sina. Nani anajua kituo kilicho wazi usiku huu chenye maabara, na bajaji wa kuaminika?"

Kuuandika kunachukua kama dakika mbili. Ndani ya dakika hizo mzazi anaanza kumwona mtoto wake vizuri zaidi, maana huwezi kuandika "kakojoa saa nne" bila kukagua nepi. Na swali la mwisho ni la aina ambayo grupu linaweza kulijibu kwa ukweli: nani yuko wazi, nani anaendesha. Swali la "nifanyeje" linaalika kila kitu, na kila kitu huja.

Mpangilio wake ukariri ukiwa mzima, usisubiri usiku wa taharuki. Umri kwa miezi. Uzito. Imeanza saa ngapi. Mara ngapi. Ananyonya au anakunywa? Anakojoa? Umempa nini tayari, kiasi gani, saa ngapi? Uko wapi? Unahitaji nini? Kinachosahaulika kuliko vyote ni kile ulichokwisha kumpa, nacho ndicho hatari zaidi kukisahau, kwa sababu anayekujibu anaweza kukuongezea dawa ileile kwa jina jingine.

Chukua mfano wa paracetamol ya maji. Ziko chupa zenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na ziko zenye miligramu 250 katika mililita 5 hizohizo. Mama mmoja mwenye chupa ya kwanza anaandika "mpe kijiko kimoja shoga, atatulia." Mwenzake mwenye chupa ya pili anatii, na mtoto amemeza zaidi ya mara mbili ya kile mshauri alichokusudia. Hapo hatujagusa kijiko chenyewe, maana vijiko vya jikoni havilingani, wala hatujagusa uzito wa mtoto, ambao ndio unaoamua kipimo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo cha dawa kisiombwe wala kutolewa kwenye grupu, hata kutoka kwa mtu mwema na msomi. Aulizwe mfamasia aliyeishika chupa yenyewe, na mtoto awe amepimwa uzito.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, nayo huharibiwa na ushauri wa mbiombio. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja: yote, kwa mara moja, ndani ya lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za maji za nusu lita. Soma pakiti kwanza, kwa sababu zipo za nusu lita pia. Wapo wanaomega robo ya unga kwa macho na kuitia kwenye kikombe ili nyingine "isiharibike." Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, ikipungua haimsaidii. Mchanganyiko ukishafika saa 24 unamwagwa na kutengenezwa mwingine. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi kisha uanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki aliyopewa kituoni inamalizwa siku zake zote, 10 hadi 14, hata kama choo kimetengemaa siku ya tatu. Wazazi wengi huacha siku hiyo ya tatu, na grupu likiulizwa "naweza kuacha?" huitikia ndiyo kwa furaha.

Halafu kuna mambo ambayo hayapiti kwenye grupu kabisa. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila anachopewa. Amelegea, kumwamsha ni kazi. Amepata degedege. Choo kina damu. Macho yamedidimia, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu. Kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Au anapumua haraka: mhesabu dakika nzima akiwa ametulia, na pumzi zikifika 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, huyo anahitaji kituo. Mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au mwenye mwili wa baridi usiopata joto, naye hasubiri kupambazuke. Ukitaka kuwaandikia wenzako, waandikie ukiwa tayari ndani ya bajaji.

Degedege niliseme peke yake. Bado kuna watu kwenye magrupu wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, na kwamba apelekwe kwanza kwa wataalamu wa kienyeji. Imani hiyo inachelewesha watoto wenye malaria kali na homa ya uti wa mgongo, magonjwa ambayo saa chache ni nyingi sana kwao. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mwondoe karibu na vitu vya kumuumiza, nendeni. Ukiwa na salio sifuri bado unaweza kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga kuna 115 ya mpango wa m-mama, ambayo kazi yake hasa ni kupanga usafiri wa dharura.

Nimekaa sana kwenye ugonjwa kwa sababu ndiko makosa yanakoumiza haraka. Ila nguvu kubwa ya wazazi mtandaoni iko penye jambo refu: mtoto njiti, mtoto mwenye selimundu (sikoseli), usonji, mtindio wa ubongo, mgongo wazi na kichwa kikubwa. Daktari anakaa na mzazi dakika chache. Mama aliyetangulia miaka mitatu ana saa zote anazokupa, na anajua yasiyoandikwa kwenye karatasi ya ruhusa.

Mama wa njiti anaambiwa wodini abebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia, soksi na nepi, basi. Grupu ndilo linamwonyesha namna ya kuifunga khanga ili mikono ibaki huru kula, namna ya kulala nusu ameketi kwa mito miwili, na namna ya kumpokezana na baba mtoto au na bibi, kwa kuwa kifua chochote chenye joto na kilichooshwa kinafaa. Linamwambia akamue maziwa kama mara nane kwa siku, usiku ukiwamo, hata kama yanatoka matone, kwa sababu titi lisilokamuliwa hupunguza kutengeneza. Hapo kuna mtego mmoja wa Dar. Kurasa nyingi zinazosambazwa zinasema maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne nje ya friji. Kipimo hicho ni cha chumba kisichozidi nyuzi 25, na chumba cha Tandale mwezi wa Februari kimeshapita hapo asubuhi na mapema. Weka kwenye friji mara moja, na umeme ukikatika tumia kwanza yaliyokamuliwa mapema. Ushauri mwingi unaozunguka uliandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Kila ukiona saa na nyuzi joto, jiulize chumba kilichokusudiwa ni cha wapi.

Wazazi wa selimundu nao wana elimu ya pekee. Wanajua kwamba homa kwa mtoto huyu ni dharura, haipozwi kwa dawa ya maumivu na kulala. Wanajua duka gani lina hydroxyurea, dawa ya selimundu, wiki hii na lipi limeishiwa. Wana barua iliyokwisha kuandikwa vizuri ya kumpa mwalimu mkuu, na wanaigawa bure: mtoto aruhusiwe kunywa maji darasani, aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba kwa kuwa maji hayo lazima yatoke, asimwagiwe maji baridi, asiadhibiwe kwa kukimbizwa uwanjani, na shule impigie mzazi akianza kulalamika maumivu ya mifupa. Barua kama hiyo mzazi mmoja angeitunga kwa machozi wiki nzima. Ukiipata, badilisha jina na uipeleke Jumatatu.

Kwa mgongo wazi na kichwa kikubwa, upasuaji hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na wazazi wanaotoka mikoani hufika pale bila ndugu mjini. Swali lao la kwanza huwa la mahali pa kulala, la pili la chakula, la tatu la nani atabaki na wadogo zake nyumbani. Hakuna kipeperushi kinachojibu hayo. Anayejibu ni mzazi aliyewahi kulala kwenye benchi lile.

Lipo ombi la aina nyingine kabisa, na hili ndilo grupu hulikosea kwa nia njema kuliko yote. Mama anaandika: "Nimechoka. Nampenda mwanangu lakini nimechoka." Majibu: vumilia mama, ndiyo ulezi. Mshukuru Mungu, wenzio wanatafuta hawapati. Mimi nina wanne na sijalalamika. Baada ya hapo haandiki tena, na admini anadhani amepoa.

Anayeandika hivyo mara nyingi haombi ushauri. Kama ndiye wewe, sema mapema: "Leo siombi ushauri, naomba nisikilizwe tu." Sentensi hiyo huokoa majibu nusu. Kama ndiye unayejibu, uliza kitu kimoja chenye jibu fupi: "Umelala saa ngapi jana?" "Umekula leo?" "Nani yuko na wewe hapo nyumbani?" Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha kama huyu anahitaji neno la pole au anahitaji mtu wa kwenda kugonga mlango. Kisha mhamishie faraghani, wawili mkizungumza, kwa sababu hakuna anayelia vizuri mbele ya watu mia tatu.

Kwa aliyejifungua kuna mpaka wa siku unaofaa kuujua. Machozi yasiyo na sababu, yanayoanza siku ya tatu au ya nne na kuisha ndani ya wiki mbili, huwapata akina mama wengi sana, na dawa yake ni usingizi, chakula na watu. Yakivuka wiki mbili, au mama hataki kumgusa mtoto, au halali hata mtoto akilala, hiyo yaweza kuwa sonona na inatibika. Akianza kusikia sauti, kuongea vitu visivyoeleweka, au kusema yeye na mtoto wangekuwa bora wasipokuwepo, peleka hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto njiani wala nyumbani. Muhimbili ina huduma ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ni mlango wa kuanzia kwa aliye karibu nazo. Mwambie anayekupokea maneno haya: "Amejifungua wiki sita zilizopita, halali, anasema anataka kufa." Usiseme "hajisikii vizuri," utapangiwa foleni ya kichwa kuuma.

Akina baba wako wapi kwenye haya yote? Wamo kwenye magrupu ya mpira, ya kazini na ya michango ya harusi. Baba ambaye mtoto wake amelazwa hawezi kuandika "naogopa" kati ya matokeo ya Simba na Yanga. Huandika "kuna changamoto kidogo nyumbani," na wenzake wanaitikia "pole kaka, Mungu mkubwa," mada imefungwa. Kinachofanya kazi kwa wanaume ni mtu mmoja, ujumbe wa moja kwa moja, na ombi la vitendo: "Baba Neema, nakuja na pikipiki saa kumi na mbili nikupeleke wodini, chai nabeba." Njiani ataongea. Mwenye kumjua baba wa namna hiyo asimwekee kiungo cha grupu, amfuate.

Sasa grupu lenyewe. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024, na watu hufurahia idadi kama mtaji. Kwa maoni yangu grupu la msaada likipita watu 40 limegeuka soko, na likiwa chini ya 12 halina mtu macho usiku. Kaa katikati. Kubwa liache liwe la matangazo, dogo liwe la kulia. Waliogawana hali moja na upande mmoja wa mji ndio bora: wa Mbagala na wa Tegeta watafarijiana vizuri, lakini saa nane usiku hakuna anayemfikia mwenzake. Aliyeko Kigamboni anahitaji walau wawili walio upande wake wa maji.

Admini awashe idhini ya kujiunga ili kila anayeingia apitishwe na mtu. Wawe admini wawili, wenye zamu. Baada ya saa nne usiku uandike tu kama ni dharura, na ujumbe uanze na neno DHARURA ili wengine wajue kwa nini simu imelia. Dharura hujibiwa kwa maandishi, kamwe si kwa sauti wala video, kwa kuwa bando la anayeuliza linaweza kuwa limebaki megabaiti chache na masikio yake yana kazi nyingine. Kushauriana dawa za kumpa mtoto kupigwe marufuku. Muuguzi akiwemo, alindwe: asiitwe kwa jina usiku, la sivyo atajitoa kimyakimya na hamtajua ni kwa nini.

Ujumbe wa kusambazwa utazame kwa makini. Ukiwa na mishale miwili juu yake, umeshapita mikono mingi, na WhatsApp huruhusu kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati. Mishale hiyo haisemi ni uongo, inasema hakuna anayemjua aliyeuandika. Kwa njia hiyo yanaendelea kuishi mambo kama "meno ya plastiki" na kukata kimeo. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi za mtoto ni jino la kawaida linalojiandaa. Kuling'oa kwa kifaa kisicho safi huleta kutoka damu na maambukizi, na kidonda kinywani humzuia mtoto kunyonya. Kimeo kikikatwa kwa sababu ya kikohozi, kikohozi kinabaki, na kinaongezeka kidonda kooni. Anayekushauri hivyo kisha akasema "njoo inboksi nikuelekeze kwa mtaalamu," mtoe.

Faragha inahitaji uamuzi wa mapema kwa sababu haina marejeo. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba yako, na namba yako ya simu imesajiliwa kwa jina lako na huonyesha jina hilo mtu akijaribu tu kukutumia pesa. Yaani jina la kuficha kwenye wasifu halikufichi. Telegram hukuruhusu kuficha namba na kutumia jina la mtumiaji. Grupu la Facebook lenye ruhusa ya kuandika bila jina hukuficha kwa wanachama, lakini admini anakuona, kwa hiyo mjue admini ni nani kabla hujaandika habari ya mume anayepiga au ya majibu ya VVU. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Faragha, kisha sehemu ya vikundi, uruhusu waliomo kwenye simu yako tu wakuongeze. Utashangaa kelele zitakavyopungua. Ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 unasaidia kidogo, ila hauzuii mtu kupiga picha ya skrini.

Na mtoto? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Hata bila sheria, fikiria darasa lake la miaka minane ijayo. Mama wa mwanafunzi mwenzake yumo humo humo. Picha ya upele ipigwe karibu, ngozi tu, bila uso, bila sehemu za siri, bila sare yenye nembo ya shule. Kadi ya kliniki ina jina, tarehe ya kuzaliwa na kituo. Funika kwa kidole vyote isipokuwa mchoro wa uzito. Kama jambo ni ukatili, usiliweke grupuni hata kwa mafumbo. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mtoto aliyeumizwa asije akakutana na habari yake kwenye simu ya jirani.

Penye wazazi wenye hofu, wezi hawako mbali. Mbinu ya kale ni simu ya asubuhi: "Mimi mwalimu wa zamu, mwanao ameanguka, yuko hospitali, tuma haraka wamfanyie upasuaji." Inafanya kazi hasa pale ambapo mzazi ameandika jina la mtoto, darasa na shule mahali pa wazi. Kata simu, piga namba ya shule uliyoihifadhi wewe mwenyewe siku ya kuandikisha. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zielekeze 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kupokea taarifa za utapeli. Kwa michango ya matibabu grupuni, omba namba ya kumbukumbu ya malipo ya hospitali ya serikali na mlipe huko moja kwa moja; aliye na mgonjwa wa kweli haoni taabu kuitoa. Kama pesa inakwenda kwa familia kwa nauli na chakula, mmoja anayeishi karibu aende wodini kwanza, amsalimie mgonjwa, ndipo mchango ufunguliwe. Wekeni kiwango cha chini cha kila mtu, hata shilingi 2,000, na mtunza orodha asiwe ndiye mpokea pesa.

Jambo moja zaidi, maana mtandao wenyewe huanguka. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya nchi ikayumba. Mvua kubwa nazo zina kawaida ya kufunga Jangwani na kukata umeme siku nzima. Siku kama hizo grupu la watu 1,024 ni kioo cheusi. Kwa hiyo andika karatasi, kwa kalamu, ubandike nyuma ya mlango kwa urefu ambao dada wa kazi pia anauona: 199, 115, 116; kituo cha karibu kilicho wazi usiku; bajaji wawili, maana mmoja atakuwa amelala; jirani mwenye gari; mjumbe wa shina; uzito wa mtoto wa mwezi huu; dawa zinazomdhuru. Meseji ya kawaida na simu ya sauti hufanya kazi hata bando likikata, kwa hiyo namba ziwe kamili hapo, si kwenye simu pekee.

Na mtoto akishapona kuna kazi iliyobaki, ambayo watu wa mtandao wa Kitanzania wameipa jina zuri: mrejesho. Wengi hawautoi. Wanapoa, wanalala, wanasahau, na grupu linabaki na majibu kumi na mawili yanayopingana bila kujua lipi lilikuwa la kweli. Mwezi ujao mwingine ataandika swali lilelile na kupewa yaleyale. Mrejesho hauhitaji kuwa mrefu:

"Asanteni wapendwa. Tulifika kituoni saa tisa usiku. Malaria hakuna. Daktari kasema ni virusi, hakuna haja ya dawa ya bakteria. ORS na zinki siku 10. Bajaji alichukua 7,000. Leo anacheza. Mama Abdul, uliyeniuliza kuhusu mkojo, Mungu akubariki. Kituo kina maabara usiku kucha, ila beba maji ya kunywa, pale hakuna."